Maiti si Fumbo

Fungua kitabu chochote cha uchambuzi wa riwaya wanachouziwa wanafunzi wa sekondari, nenda moja kwa moja kwenye dhamira, utaikuta sentensi ileile ikibadilishiwa majina tu: kifo cha fulani kinaashiria jambo fulani. Kifo cha Rosa kinaashiria malipo ya malezi mabovu. Kifo cha Kazimoto kinaashiria kukata tamaa kwa msomi. Kunyongwa kwa Tumaini kunaashiria mwisho wa ubepari. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anapata alama zake, na anatoka darasani akiamini kwamba mwandishi humfisha mtu ili atupe ujumbe, na kwamba kazi ya msomaji ni kuuchukua ujumbe huo na kuiacha maiti palepale ilipo.

Juu ya imani hiyo imesimikwa nyingine, ya watu wazima na ya makongamano. Hii inasema kwamba riwaya ya Kimarekani imejaa vifo kwa sababu Wamarekani ni watu wapweke: kila mtu hufa kivyake, na mwandishi wao hana budi kukodolea macho kaburi. Sisi, wanasema, kifo chetu ni cha jamii. Kina matanga, kina arobaini, kina mafunzo kwa waliobaki. Na mwandishi wetu Euphrase Kezilahabi alipowaua wahusika wake, akina Rosa, Kazimoto na Tumaini, bila kutufariji, basi alikuwa amelewa vitabu vya Wafaransa, Camus na Sartre. Kifo kinachotazamwa usoni bila kugeuzwa somo kinakuwa, kwa hesabu hiyo, bidhaa ya kuagizwa.

Nazikataa imani zote mbili, na nazikatalia Tabora, mji uliokuwa kitovu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Historia ya njia hii inazikanusha, kwa ushahidi ulio wazi kuliko nadharia yoyote ya fasihi niliyoisoma.

Tarehe 1 Mei 1873 David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye, Abdalla Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, wake kwa waume, waliamua kuirudisha maiti pwani. Shuleni tunafundishwa jambo hili katika sentensi moja, na sentensi hiyo ina neno uaminifu. Hebu tuone walichokifanya kwa mikono yao. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja na kuona maiti ikipasuliwa, ndiye aliyeshika kisu. Moyo na matumbo vilitiwa kwenye kopo la bati vikazikwa chini ya mti, na Wainwright akasoma sala. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa muda wa wiki mbili hivi, ukigeuzwa kila siku ili ukauke pande zote. Miguu ikakunjwa magotini ili mzigo uwe mfupi. Ukafungwa kwa kitambaa, ukaingizwa ndani ya gome la mti lililobambuliwa zima, kama wafugaji nyuki wa Sikonge wanavyobambua gome la kutengenezea mzinga, kisha ukashonewa turubai na kufungwa kwenye mti wa kubebwa na watu wawili.

Oktoba wakaingia Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye akawashauri maiti izikwe hapahapa. Wakakataa. Wakaendelea na safari, na walipofika Kasekera, mwendo wa siku chache tu kutoka hapa, ikajulikana kwamba kwenye ule mzigo kuna maiti, na wenyeji hawakutaka maiti ipitishwe katika nchi yao. Wakafanya hila. Walilitoa lile gome, wakachukua mabua ya mtama yenye urefu wa mtu, wakayaviringishia kitambaa yakafanana na maiti iliyokwisha kuvishwa sanda, wakawatuma watu sita warudi nayo Unyanyembe wakiwa na barua, eti wamekubali kuzika. Usiku ulipoingia wale sita wakaitupa mizigo ile ya mabua porini, kitambaa wakakitawanya, wakarudi kwa wenzao. Maiti ya kweli ilikwisha kufungwa upya kama mtumba wa nguo. Februari 1874 wakawa Bagamoyo.

Sasa mwalimu wa dhamira na aniambie: yale mabua yanaashiria nini? Hayaashirii chochote. Ni mabua ya mtama, yaliyovikwa kitambaa na watu waliochoka ambao walikuwa na kazi ya kumaliza. Akili, woga, ujanja na mapenzi vyote vimo ndani ya kazi hiyo. Ukikimbilia neno uaminifu unaikosa kazi yenyewe, na pamoja nayo unawakosa watu walioifanya.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye, mwaka 1930, William Faulkner alichapisha As I Lay Dying. Familia maskini ya mashambani Mississippi inambeba mama yao aliyefariki, Addie Bundren, kwa gari la nyumbu hadi mji wa Jefferson, kwa sababu alitaka kuzikwa na ndugu zake. Ni mwezi wa Julai. Mto umefurika, nyumbu wanazama, jeneza linaponea chupuchupu. Mtoto mmoja wa kiume, Cash, amelichonga jeneza hilo chini ya dirisha la mama yake angali hai, mama akisikia kila msumeno unapopita. Mwingine, Darl, anachoma ghala moto ili maiti iteketee na mateso yaishe. Tai wanawafuata. Kila mji wanaoupitia, watu wanaziba pua na kuwataka waondoke.

Wapo waliokwisha kutuelezea kwamba safari hiyo ni ishara ya utupu wa maisha ya Kimarekani. Lakini mpe kitabu hicho mtu aliyewahi kusafirisha marehemu kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, kupitia Dodoma, Manyoni na Itigi. Atakwambia anaijua safari hiyo. Anajua ugomvi wa nani alipe gari. Anajua mjomba anayesisitiza azikwe kwao na mke anayetaka azikwe karibu na watoto. Anajua hata aibu ya kufikiria shida zako mwenyewe wakati jeneza liko nyuma yako, maana kwa Faulkner kila mmoja ana lake analolifuata mjini: binti anatafuta dawa ya kutoa mimba, baba anataka meno ya bandia. Hapo iko wapi ile tofauti kubwa tunayohubiriwa, kati ya kifo cha upweke na kifo cha jamii? Familia ya Bundren inafanya kilekile kilichofanywa na watu wa Susi na Chuma, ila hawa wa kwetu waliweza zaidi na waligombana kidogo.

Wala hatupaswi kujisifu kwamba njia yetu ilikuwa ya jamii tupu. Ndui ilipoingia kwenye msafara, mgonjwa aliachwa. Mtumwa aliyeshindwa kutembea hakufanyiwa matanga. Wasafiri waliopita hapa, tangu Burton na Speke waliofika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, waliandika juu ya mafuvu na mifupa kando ya njia. Mnyamwezi aliyebeba frasila mbili za pembe, kilo thelathini na kitu, na akaanguka siku kumi kabla ya pwani, alikufa peke yake kuliko mtu yeyote wa Faulkner. Anayesema upweke wa kufa ni jambo la kigeni amewasahau hawa, na kuwasahau hivyo ni dhuluma.

Tena Marekani haikuwa mbali. Tangu miaka ya 1830, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta Unguja kitambaa cha marekani, na balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, alifika huko mwaka 1837. Pamba ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini, ikasokotwa na kufumwa katika viwanda vya kaskazini, ikavuka bahari, ikapandishwa bara mabegani mwa wapagazi. Kwa kitambaa hicho watu walivaa, walilipa hongo kwa watemi, walilipana mishahara na kuzikana. Misafara ikarudi na pembe, na sehemu kubwa ya pembe hizo ikaishia Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, ikachongwa vibao vya piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikata pamba, marekani iliadimika Unguja na bara. Anayeniambia kwamba kifo katika riwaya ya Mississippi hakituhusu, namwonyesha kitambaa hicho.

Toni Morrison aliianzisha hadithi ya Beloved mwaka 1873, katika nyumba iliyo karibu na Cincinnati, mwaka uleule soko la watumwa la Unguja lilipofungwa kwa mkataba wa mwezi Juni na maiti ya Livingstone ikaingia Unyanyembe. Sisemi kwamba Morrison alitufikiria. Nasema kalenda na biashara vilikuwa vimoja. Tuitazame riwaya hiyo, iliyochapishwa 1987, kwa sababu ndiyo inayoteswa zaidi na wasakaji wa ishara. Sethe, mama aliyetoroka utumwani, alimuua bintiye mchanga ili asirudishwe kwa bwana, na mzimu wa mtoto umekaa nyumbani. Haraka haraka tunaambiwa: mzimu ni ishara ya utumwa. Basi kazi imekwisha. Lakini Morrison, kabla hajatufikisha mbali, ametuonyesha jiwe la kaburi. Sethe hakuwa na fedha ya kumlipa mchongaji. Alilipa kwa mwili wake, dakika kumi, na dakika hizo zikanunua herufi saba. Alitamani zaidi, zikatosha saba tu. Ukurasa huo unanijulisha utumwa kuliko ishara yoyote, kwa sababu unanipa bei. Mama asiye na kitu anazika, na hata maneno ya juu ya kaburi yana mwenye kuyauza.

Hapa najua nitakapopingwa. Nitaambiwa: na Melville je? Hutaki kuona ishara katika Moby-Dick, kitabu cha 1851 ambacho nyangumi wake mweupe amewatoa jasho wahakiki wa dunia nzima? Nitajibu kwa jeneza la Queequeg. Mpiga chusa huyo anaugua melini, anaomba achongewe jeneza lenye umbo la mtumbwi. Seremala anakuja na rula yake ya kupimia, anampima mgonjwa angali hai, anachonga. Queequeg anaingia ndani kulijaribu. Kisha anapona, analifanya sanduku la nguo. Baadaye boya la meli linapopotea, jeneza linapigiliwa kifuniko, linazibwa nyufa kwa lami, linatundikwa nyuma ya meli liwe boya. Meli inapozama, Ishmael anaelea juu yake na kuokoka. Ni ishara, ndiyo, wala sina ugomvi na anayeiona. Lakini ishara hiyo inaelea kwa sababu seremala aliziba nyufa. Melville ametuweka kwenye vumbi la randa kwa kurasa nzima kabla ya kuturuhusu kuona zaidi. Mafundi wa majeneza wanaofanya kazi karibu na hospitali zetu, wenye mbao za mninga zimeegemezwa ukutani, wangeisoma sura hiyo kwa haki kuliko mwanafunzi aliyeambiwa atafute fumbo.

The Great Gatsby nayo, ya 1925, imekaririwa kwa taa ya kijani na ndoto ya Kimarekani. Mimi naona maziko. Tajiri aliyejaza nyumba yake wageni kila Jumamosi amepigwa risasi, na jirani yake Nick anahangaika na simu kutafuta watu wa kumzika. Mshirika wake wa biashara anatoa udhuru. Waliokula na kunywa kwake hawaonekani. Baba mzazi anakuja kutoka mbali, na mvua inanyesha juu ya watu wachache sana. Kwetu msibani pana daftari. Pana mtu amekaa na kalamu kwenye meza ndogo karibu na turubai, anaandika nani ametoa nini: mchele kilo tano, kuni, elfu kumi. Daftari hilo linasomwa kwa makini baada ya siku tatu, na asiyekuwemo anajulikana. Msomaji wa Kiswahili ana kifaa hicho mkononi, kifaa kizuri cha kusomea sura ile ya Gatsby, na sisi tunamnyang'anya ili tumpe orodha ya ishara zilizotafsiriwa kutoka vitabu vya mitihani vya watu wengine.

Tumrudie Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyefariki Januari 2020. Ni kweli aliwasoma Wafaransa. Ni kweli pia kwamba hahitaji kibali chao kuandika kwamba mtu anaweza kufa na isijulikane kwa nini. Rosa Mistika ilitoka 1971, ikawahi kupigwa marufuku mashuleni, na iliporuhusiwa kusomwa ikasomwa vibaya. Rosa anajiua. Kabla ya hapo kuna baba mlevi, Zakaria, aliyempiga mwanawe kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Kuna watu wazima wenye vyeo waliomtumia. Kuna Charles anayemwacha kwa kuwa hakumkuta bikira. Ukisema kifo chake kinaashiria malipo ya uasherati, umewatoa wanaume wote hao mahakamani kwa mlango wa nyuma. Hukumu imemwangukia maiti peke yake. Nawasihi walimu, kwa dhati kabisa: wasichana walioko mbele yenu wanasikia mnachosema. Mnawaambia kwamba binti akijiua, alistahili.

Lipo pingamizi jingine zito zaidi. Mtu atasema, ukiondoa ishara utabaki na nini? Orodha ya waliokufa, taarifa ya polisi. Si kweli, na ushahidi uko hapa Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley. Henry Morton Stanley alikuja mwaka 1871 akiwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake cha jinsi alivyompata Livingstone. Katika vitabu vya namna hiyo, mpagazi akifa, kinachoandikwa mara nyingi ni usumbufu: mzigo umebaki bila mtu, safari imechelewa. Hiyo ndiyo orodha, nami siitetei. Mwenye kuhesabu mizigo na mwenye kusaka ishara wanafanana kwa jambo moja, wote wawili wana haraka ya kuondoka pale mtu alipoangukia. Riwaya njema inakaa. Inauliza nani alichimba, udongo ulikuwaje, nani alichukua mzigo wake, habari zilifikaje kwao, na mkewe aliishije baada ya hapo.

Abdulrazak Gurnah alijua hivyo alipoandika Paradise mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameileta kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Msafara wa Aziz unakwenda bara kwa matumaini na kurudi umefilisika, watu wamepotea kwa maradhi, na madeni yanasubiri pwani. Mtu mvivu ataandika kwamba safari inaashiria kupotea kwa pepo. Msomaji wa Tabora anajua kwamba msafara ulikuwa biashara ya mkopo, na kwamba kila aliyekufa njiani aliacha hesabu isiyofungwa.

Hata mashujaa wetu tumewafanyia hivihivi. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince walivunja boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe, naye akajilipua kwa baruti pamoja na jamaa waliokuwa naye. Tumeliweka jambo hilo kwenye kabati la ushujaa na kufunga mlango. Baruti ile ilinunuliwa kwa pembe zilezile za njia ileile. Ndani ya chumba kile walikuwamo watu ambao hawakuwa watemi. Ni nani aliwauliza? Asubuhi yake watu wa Unyanyembe walifanya nini, walizika vipi huku askari wa kigeni wamesimama juu ya kifusi? Mwandishi wa riwaya angeanzia hapo, kama tungeacha kumfundisha tangu kidato cha tatu kwamba kifo kikishapewa maana kimekwisha.

Na yupo Losi. Katika safari ileile ya kubeba maiti ya Livingstone alikuwamo mtoto wa kike wa jina hilo, akitembea katika mstari na mtungi wa maji kichwani. Nyoka mkubwa alikatiza njia, akamgonga pajani, akaingia shimoni. Mtoto alikata roho kabla ya dakika kumi kupita. Mzungu waliyembeba alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874, mbele ya wakubwa wa nchi. Losi ana sentensi chache mwishoni mwa shajara za Livingstone zilizohaririwa na Horace Waller mwaka huohuo. Petina Gappah wa Zimbabwe aliigeuza safari hiyo kuwa riwaya mwaka 2019, kwa Kiingereza, na akampa Halima mpishi sauti ya kusimulia. Nampongeza, na namwonea wivu kwa niaba ya lugha yetu, kwa sababu Susi na Chuma waliitumia lugha hii njia nzima.

Njia ya kati ya misafara imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na vituo vyake vimetajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Naiunga mkono orodha hiyo kwa moyo wote, na majengo yahifadhiwe. Lakini wengi wa waliokufa walifia kati ya kituo na kituo, mahali pasipo na ukuta wa kukarabati wala kibao cha kusimika. Pale panahitaji riwaya, ndefu na yenye subira. Na siku itakapoandikwa kwa Kiswahili, atakayeidhuru wa kwanza ni yule atakayesimama mbele ya darasa na kumwagiza mwanafunzi aeleze, kwa hoja tano, kifo cha Losi kinaashiria nini.